Nyanza na Warithi Wake

Katika maziwa yote ya Afrika hakuna lililo pana kama Ziwa Viktoria, ambalo wengi wa wakaao kandokando yake hulijua kwa jina la Nyanza. Uso wake, takriban kilomita za mraba 68,800, wazishinda nchi za Rwanda na Burundi zikiwekwa pamoja, ilhali kina chake ni kichache kwa upana kama huo, kwa kuwa penye kilindi kirefu kabisa hapapiti sana mita 80. Na maji mengi yaliyotandaa kwa kina kidogo hupata joto upesi, huchafuka upesi, na hukawia kusafika. Ramani imeligawa ziwa hilo baina ya dola tatu: Tanzania imepata kadiri ya nusu, Uganda sehemu inayopungua kidogo hapo, na Kenya sehemu sita katika mia. Mipaka hiyo, iliyopigwa zamani za ukoloni na watu waliokuwa na rula mkononi na ramani mezani, hupita katikati ya maji bila ya nguzo wala alama, hata mvuvi aliye usiku ndani ya mtumbwi hawezi kusema kwa yakini yumo katika himaya ya nani.

Lakini mtu akiuliza maji yenyewe hutoka wapi na huenda wapi, atapata hesabu nyingine kabisa, isiyolingana na ile ya ramani. Sehemu zaidi ya nne katika tano ya maji yaingiayo ni mvua inyeshayo juu ya ziwa lenyewe, ambayo haina raia wala pasi ya kusafiria. Mito huleta yaliyobaki, na mkubwa wa mito hiyo ni Kagera, ambao chimbuko lake liko katika milima ya Rwanda na Burundi, nchi mbili zisizo na hata shubiri moja ya ufuo wa Nyanza. Na Kenya, iliyopata sehemu ndogo kabisa ya uso wa ziwa, hutoa kwa mito yake ya Nzoia, Yala, Nyando, Sondu na mingineyo zaidi ya theluthi ya maji yote ya mito. Kisha yale yasiyorudi mbinguni kwa mvuke hutoka kwa mlango mmoja tu, nao uko Jinja, Uganda, ambapo mto Naili huanza safari yake ya kwenda Sudani na Misri. Basi aliye na sehemu kubwa ya uso hana mlango, aliye na mlango hana mito mikubwa, na wenye mto mkubwa kuliko yote hawana ufuo.

Nitakalolieleza katika sura hii ni jambo ambalo tarikhi ya ziwa hili imelithibitisha mara kwa mara. Dola zilizolirithi zimeweza kushirikiana, tena kushirikiana vizuri, kila madhara yalipozifikia zote kwa wakati mmoja na yakaonekana kwa macho. Na zimeshindwa, hata baada ya kutia saini, kila madhara yalipokuja polepole, au yalipompata mmoja huku mwenziwe akichuma faida. Wako wanaodhani kwamba kasoro ni uhaba wa mikataba. Mimi naona mikataba ipo ya kutosha, na mingine imeandikwa kwa busara kubwa. Kinachopungua ni njia ya kuyafanya madhara ya polepole yaonekane na kuhesabiwa kabla hayajawa msiba.

Tuanze na samaki. Mwaka 1927 mtaalamu wa uvuvi kutoka Uingereza, Michael Graham, alitumwa kulichunguza ziwa, kwa sababu ngege, samaki aliyekuwa kitoweo cha heshima katika kila nyumba ya pwani ile, alikuwa akipungua, hasa katika ghuba ya Kavirondo ambayo leo yaitwa Winam. Graham alizunguka ziwa kwa muda wa mwaka na zaidi, na taarifa yake, iliyochapishwa 1929, ilikuwa na mambo matatu yanayostahili kukumbukwa. La kwanza, jicho la wavu wa kuvulia ngege lisipungue inchi tano, ili mchanga apite na mkubwa akamatwe. La pili, ziwa lote liwe chini ya mamlaka moja ya uvuvi, itakayoweka sheria moja na kuhesabu samaki kwa daftari moja. Na la tatu, kuingiza katika ziwa samaki mkubwa mla wenziwe kutoka mahali pengine kungekuwa ni hatari kubwa mno, isipokuwa uchunguzi mrefu umetangulia.

Wakati ule nchi zote tatu zilikuwa chini ya taji moja la Uingereza, na mtu angetazamia kwamba kama kuna siku ambayo ziwa hili lingetawaliwa kwa rai moja, ilikuwa siku zile. Sheria ya inchi tano iliwekwa, na baada ya vita, mwaka 1947, ikaundwa idara ya pamoja ya uvuvi, pamoja na kituo cha utafiti kule Jinja. Lakini nyavu za nailoni zilipoingia katika miaka ya hamsini, nyepesi, zisizooza, zisizoonekana majini, tamaa ikashinda. Uganda na Tanganyika ziliifuta sheria ya jicho kabla ya miaka hiyo kwisha. Kenya iliyobaki imeishika peke yake, ikiwazuia wavuvi wake wasivue kwa nyavu ambazo jirani zao wamezihalalisha katika maji yaleyale, ikaiachilia nayo mwanzoni mwa miaka ya sitini. Idara ya pamoja ilikwisha vunjwa 1960. Hayo yalitendeka kabla ya bendera zetu kupandishwa, na nayataja kwa sababu wako wanaosema kwamba mafarakano ya ziwa yaliletwa na uhuru.

Onyo la tatu la Graham lilipuuzwa vivyo hivyo. Katika miaka ya hamsini, upande wa Uganda, samaki wa Ziwa Albert alitiwa katika Nyanza, kwanza pasipo tangazo, kisha mwanzoni mwa miaka ya sitini kwa idhini ya serikali, ingawa kulikuwa na wataalamu, wakiwamo wa kituo cha Jinja, waliopinga kwa maandishi. Samaki huyo ndiye sangara, ambaye Wakenya humwita mbuta na Waganda mputa, mnyama awezaye kukaribia urefu wa mita mbili na uzani wa kilo 200. Kwa miaka ishirini hakuonekana sana. Kisha, katika miaka ya themanini, akatapakaa ziwa zima kwa ghafla iliyowashangaza hata waliompenda.

Hasara iliyopatikana sharti ielezwe kwa kituo. Katika ziwa hili walikuwako furu, samaki wadogo, aghalabu wafupi kuliko kiganja, wa aina zinazokisiwa kufika 500, na takriban wote hawakuwa wakipatikana mahali pengine popote duniani. Walikuwamo wenye meno ya kukwangua mwani mawimbini, wenye taya za kuvunja konokono, wenye kula mayai na vitoto vya wenzao. Madume yao yalikuwa mekundu, samawati na manjano, na majike yaliteua kwa rangi. Wanasayansi wasema kwamba ziwa lilipata kukauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na kwamba wingi wote huo wa namna ulizuka tangu maji yaliporejea, jambo ambalo halina mfano mwingi katika elimu ya viumbe. Sangara aliwala. Zaidi ya aina 200 zinadhaniwa kuwa zimetoweka katika muda ambao mtoto huzaliwa na kumaliza shule ya msingi, nyingine bila hata kupewa jina. Hatuna haki ya kulitamka jambo hilo upesi upesi na kupita.

Hata hivyo insafu yanilazimu niseme na upande wa pili. Sangara aliyekula furu aliwalisha watu. Mavuno ya ziwa, yaliyokuwa kadiri ya tani laki moja kwa mwaka, yalipanda hata kukaribia nusu milioni mwishoni mwa miaka ya themanini. Viwanda vya minofu vikajengwa Mwanza, Musoma, Kisumu, Jinja na Entebbe. Ndege zikachukua minofu kwenda Ulaya. Na wake na waume ambao baba zao hawakupata kushika noti nyingi kwa pamoja wakajenga nyumba za bati. Samaki aliyekwenda Ulaya aliacha mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama kidogo iliyobakia baada ya minofu kukatwa, nayo yalikaangwa katika mafuta na kuuzwa kwa watu wasioweza kununua samaki mzima wa ziwa lao wenyewe. Tena sangara ana mafuta mengi, hakaushwi kwa jua kama furu alivyokuwa akikaushwa, bali huhitaji moshi, na moshi huhitaji kuni. Miti ya visiwa na ya kandokando ikalipa gharama ambayo haikuandikwa katika daftari la kiwanda chochote.

Utajiri huo ulikuja wakati hapakuwa na meza ya pamoja. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyoundwa 1967 ilivunjika 1977, na pamoja nayo zikavunjika zile taasisi za pamoja zilizolitazama ziwa kama kitu kimoja. Kwa miaka kumi na saba kila dola ilivua upande wake, ikahesabu samaki wake kwa namna yake, na mara nyingi haikuhesabu kabisa.

Kilichozirudisha dola hizo mezani ni ua. Magugu maji, mmea wa Amerika ya Kusini wenye maua ya zambarau yanayopendeza sana, uliteremka na mto Kagera na kuonekana ziwani mnamo 1989. Mmea huu huelea, huzaa kwa vichipukizi, na penye maji yenye mbolea nyingi hujiongeza maradufu katika wiki mbili au tatu. Kufikia 1998 ulikuwa umefunika takriban hekta 20,000. Anayeijua hali ya mwalo uliozibwa na magugu haisahau: mkeka wa kijani mzito kiasi cha ndege kutembea juu yake, chini yake maji meusi yasiyo na hewa, mitumbwi imenaswa nje isiweze kufika na samaki waliomo wanaanza kunuka, na akina mama wenye ndoo wakitafuta upenyo wa kuteka. Bandari ya Kisumu ilizibwa, Port Bell ikazibwa, na mitambo ya umeme ya Jinja ikawa kila mara inasafishwa magugu yasiyokwisha.

Hapa palikuwa na adui ambaye hakumchagua mtu. Upepo ukivuma asubuhi huyasukuma magugu kwenda nchi moja, ukigeuka jioni huyarudisha kwa nyingine, na hakuna dola iliyoweza kuyaondoa kwake pasipo kupokea ya jirani siku ya pili. Mwaka 1994 ukawa mwaka wa kutia saini. Tarehe 30 Juni, mjini Kisumu, nchi tatu zilikubaliana kuunda Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, ambalo makao yake yakawa Jinja. Na tarehe 5 Agosti zikatia saini mapatano ya mradi wa pamoja wa hifadhi ya mazingira ya ziwa, ambao ulianza kazi 1997 kwa fedha za Benki ya Dunia na mfuko wa kimataifa wa mazingira.

Miezi hiyohiyo ya 1994 mto Kagera ulileta jambo lingine, ambalo siwezi kulipita. Tangu Aprili maiti za watu waliouawa katika mauaji ya kimbari ya Rwanda zilishuka na mto mpaka ziwani, maelfu kwa maelfu, na wavuvi wa Kasensero, Lambu na Ggolo katika Uganda walizitoa majini kwa mikono yao, wakazizika. Kwa muda mrefu watu wa pande zote waliacha kula samaki. Waliozika hawakuwa na mkataba wowote uliowaamuru. Nalitaja hapa kwa heshima, na kwa sababu baada ya hapo haikuwezekana tena kwa yeyote mwenye akili kusema kwamba ya Rwanda na Burundi si ya Nyanza. Nchi hizo mbili ziliingia katika Jumuiya mpya mwaka 2007.

Tuyarudie magugu. Palikuwa na waliotaka kunyunyiza dawa ya kuua mimea, na palikuwa na waliotaka mashine za kukata. Lakini dawa iliyonyunyizwa Uganda ingenywewa Kenya, na mashine haikuweza kushindana na mmea unaozaa kwa kasi ile. Tiba iliyokubaliwa ilikuwa ni aina mbili za wadudu, mbawakavu wadogo wa jamii ya fukusi, waliotoka kulekule Amerika ya Kusini ulikotoka mmea. Mdudu mzima hula jani na kuacha madoa madogo ya mraba yenye kukauka. Kiwavi wake hutoboa shina na kushuka hata kitovuni mwa mmea, na maji huingia katika matundu hayo, na mmea huoza na kuzama. Uganda iliwaachia 1995, Kenya na Tanzania zikafuata, na vijiji vya kandokando vilifundishwa kuwafuga katika mapipa na mabeseni na kuwapeleka majini wenyewe. Pamoja na mawimbi na mvua kubwa za 1997 na 1998, kazi ya wadudu hao ilipunguza magugu kwa kiasi ambacho watu hawakutarajia, hata kufikia mwaka 2000 sehemu kubwa ya ziwa ilikuwa wazi. Magugu hurejea mara kwa mara, hasa katika ghuba ya Winam, kwa kuwa mbolea iyalishayo ingali inaingia. Lakini hayajapata tena enzi yaliyokuwa nayo mwaka 1998.

Somo la pili lilitoka nje. Mwaka 1999 ilijulikana kwamba wako wavuvi, upande wa Uganda, waliovua kwa kutia sumu majini, na Umoja wa Ulaya ukafunga soko lake kwa samaki wa ziwa zima. Mvuvi wa Ukerewe ambaye hakupata kuona sumu alirudi na samaki wake wasionunuliwa, kwa kosa lililotendeka mamia ya kilomita kutoka kwake. Hasira ilikuwa kubwa, nayo ilikuwa ya haki. Lakini katika muda mfupi nchi zote tatu zilikuwa na maabara za kupima, wakaguzi wenye mamlaka, na mialo iliyosakafiwa yenye maji safi. Umoja ambao wataalamu waliuomba tangu 1929 uliharakishwa na mnunuzi wa ng'ambo aliyekataa kutofautisha samaki wa nchi moja na wa nyingine.

Lakini nyavu hazikupata bahati hiyo. Shirika la Uvuvi liliafikiana juu ya jicho la nyavu, likakataza kokoro, lile juya refu linalovutwa ufukoni na kukomba mayai, vitoto na vyote, na likaweka kwamba sangara wa kupelekwa kiwandani awe na urefu wa kati ya sentimita 50 na 85, ili mchanga akue na jike kubwa lenye mayai mengi liachwe lizae. Kila mwalo ukawa na kikundi chake cha ulinzi, kilichochaguliwa na wavuvi wenyewe. Kwenye karatasi hakuna kasoro. Mwaloni mambo ni mengine, kwani mwenye mtumbwi ni tajiri, aliye ndani ya mtumbwi ni kibarua aliyekopeshwa mafuta na chakula, na mwenyekiti wa kikundi cha ulinzi ni jirani yao, aliyeoa kwao, ambaye watoto wake husoma na watoto wa mwenye kokoro. Huyo ndiye ambaye dola tatu zimemtwika kazi ya kuchoma nyavu za jirani zake bila mshahara.

Serikali zilipochoka zilitumia nguvu. Uganda ilipeleka jeshi ziwani mwaka 2017, na Tanzania ilifanya Operesheni Sangara mwaka 2018. Nyavu haramu zilichomwa kwa malundo, na mitumbwi pia, na malalamiko ya watu walioonewa yalifika mabungeni. Sibishi kwamba sheria sharti ishikwe. Nasema kwamba msako wa nchi moja humhamisha mvuvi haramu, haumkomeshi: nyavu zilizokatazwa upande huu zitakutwa zimetegwa ng'ambo ya pili ya mstari usioonekana, mpaka msako utakapoanza huko. Na pale ambapo samaki bado wako wengi mstari huo hugombaniwa, kama ilivyokuwa Migingo, mwamba wa takriban nusu eka uliojaa vibanda vya mabati, ambako Kenya na Uganda zimepelekeana polisi na wapimaji kwa miaka mingi kwa sababu ya sangara wanaoogelea pembeni yake.

Siku hizi sehemu kubwa zaidi ya mavuno, kwa uzani, ni dagaa, ambaye Wakenya humwita omena na Waganda mukene. Huvuliwa usiku wa giza, kwa kuwa mbalamwezi huishinda taa. Zamani zilikuwa karabai, sasa ni taa za betri na za jua zinazoelea juu ya vichanja vidogo, na mtu aliyesimama kilimani Bukoba au Homa Bay usiku huo huona majini mji mzima wa mianga. Dagaa ndiye chakula cha maskini wa nchi zote hizi na nchi jirani, na bado hesabu yake ni dhaifu kuliko ya sangara, kwa sababu wanunuzi wake hawana maabara.

Nimesema maji yana mlango mmoja. Mwaka 1929 Uingereza, kwa niaba ya nchi ilizozitawala, iliandikiana na Misri barua zilizokuwa na nguvu ya mkataba, kwamba isifanyike kazi yoyote katika Naili au katika maziwa unamotoka ambayo itapunguza maji ya Misri, isipokuwa kwa ridhaa yake. Watu wa Nyanza hawakuulizwa. Mwaka 1959 Misri na Sudani ziligawana mto wote baina yao, kilomita za ujazo 55.5 kwa Misri na 18.5 kwa Sudani kila mwaka, na hapo pia watu wa Nyanza hawakuulizwa. Mwaka 1962 serikali ya Tanganyika, ikifuata msimamo wa Mwalimu Nyerere, iliziandikia Uingereza, Misri na Sudani kwamba nchi huru haifungwi na ahadi aliyoitoa mtawala wake wa zamani kwa ajili yake. Na mwaka 2004 Tanzania ilipoanza kazi ya kupeleka maji ya ziwa Kahama na Shinyanga, kwa watu waliokuwa wakichimba mchanga wa mito mikavu kutafuta maji, haikuomba ruhusa ya mtu. Naiona hoja ya Mwalimu kuwa ya haki tupu, na bado siwezi kumlaumu Mmisri kwa hofu yake, kwa kuwa asiye na mvua huhesabu kila tone lijalo kutoka kwa wengine.

Ila katika mambo ya enzi ile kuna moja lililokuwa jema. Bwawa la Owen Falls lilipojengwa Jinja na kufunguliwa 1954, iliafikiwa kwamba maji yatakayofunguliwa yafuate kanuni maalumu, yaani yawe sawa na yale ambayo ziwa lingeyatoa lenyewe kwa kimo cha siku ile kama bwawa lisingekuwako, na mhandisi wa Misri akakaa palepale Jinja akisoma kipimo pamoja na Waganda. Kanuni hiyo ilikuwa na insafu kwa sababu haikutegemea kuaminiana. Ilitegemea watu wawili wa nchi mbili kutazama namba moja. Mtambo wa pili ulipoongezwa mnamo 2000 na miji ya Uganda ikawa na njaa ya umeme, maji yalifunguliwa kupita kanuni, na ukame ukaongezea. Kimo cha ziwa kilishuka zaidi ya mita moja, hata kufikia 2006 kilikuwa chini kuliko wakati wowote wa miaka themanini iliyotangulia, na wataalamu waliochunguza wakasema kwamba takriban nusu ya upungufu ilitokana na kufungulia kupita kiasi. Gati zilibaki juu ya tope, na mabomba ya miji yakanyonya hewa. Msomaji azingatie kwamba mita moja ya kimo cha Nyanza ni karibu kilomita 69 za ujazo za maji, ambazo zapita fungu lote la mwaka ambalo Misri ilijiwekea 1959. Mwaka 2020, kinyume chake, mvua ziliujaza ufuo mpaka nyumba, mashamba na mialo ya nchi zote tatu vikaingia majini, na swali likawa lilelile limegeuzwa: nani aamue mlango ufunguliwe kiasi gani?

Mamlaka zipo. Jumuiya iliyofufuliwa kwa mkataba wa 1999 iliunda Kamisheni ya Bonde la Ziwa Viktoria, yenye makao Kisumu, kwa itifaki iliyotiwa saini Novemba 2003. Na makubaliano mapana ya bonde zima la Naili, yaliyofunguliwa kwa saini Entebbe mwaka 2010, yalianza kuwa na nguvu ya sheria tarehe 13 Oktoba 2024, baada ya Sudani Kusini kuyaridhia, ingawa Misri na Sudani zimeyakataa. Sioni sababu ya kimo cha ziwa na kiasi cha maji yanayotoka Jinja kutotangazwa kila siku na Kamisheni hiyo kwa wakazi wote wa bonde, kwa Kiswahili, kama bei za mazao zinavyotangazwa.

Nimeliacha la mwisho lililo zito kuliko yote na lisilopendeza kusimuliwa. Watu wanaokaa katika bonde hili sasa wamepita milioni 40, na vyoo vyao, mashamba yao na moshi wa moto wao huishia majini. Uchafu wa Kampala hupita mfereji wa Nakivubo, ambao kinamasi chake kilikuwa kikiuchuja bure mpaka kilipolimwa na kujengwa. Wa Mwanza hushuka na mto Mirongo katikati ya mji. Wa Kisumu huingia katika ghuba isiyo na mkondo wa kuutoa. Fosforasi na naitrojeni hulisha mwani, mwani hufa na kuzama, na katika kuoza huimaliza hewa ya chini, hata sehemu kubwa ya vilindi haina pumzi ya kumtosha samaki kwa miezi kadhaa ya mwaka. Haya ndiyo madhara ya namna ile niliyoitaja mwanzo: hayana siku, hayana mtu mmoja wa kuelekezewa kidole, na kila mji huweza kusema kwamba mchango wake ni mdogo.

Wala si kweli kwamba raia hana pa kushtaki. Tarehe 20 Juni 2014 Mahakama ya Afrika Mashariki, iliyoko Arusha, ilitoa hukumu katika kesi iliyofunguliwa na chama cha kutetea wanyama chenye makao yake Kenya dhidi ya serikali ya Tanzania, juu ya nia ya kupitisha barabara ya lami kaskazini mwa Serengeti, ambako nyumbu huvuka mto Mara kwenda na kurudi; na mto huo, baada ya kuzipita nchi mbili, humwagika katika Nyanza karibu na Musoma. Mahakama ilisema kwamba barabara hiyo ingevunja ahadi ambazo dola zilipeana katika mkataba wa Jumuiya kuhusu hifadhi ya mazingira, ikaizuia. Mtu wa nchi moja alisikilizwa juu ya ardhi ya nchi nyingine, na dola iliyoshtakiwa ilikuja, ikajibu, ikakata rufaa kama mdaiwa mwingine yeyote, pasipo vita wala bughudha.

Lakini ibara ya 30 ya mkataba huo yamtaka mlalamikaji afike mahakamani katika miezi miwili tangu tendo lilipotendeka au tangu alipolijua, na Mahakama imeushika muda huo kwa ukali. Miezi miwili yamtosha anayepinga barabara ambayo ramani yake imekwisha chorwa. Haimtoshi mvuvi wa Winam au wa ghuba ya Mwanza, ambaye kilindi alichovua baba yake kimekosa pumzi kidogo kidogo kwa miaka thelathini. Dola za Jumuiya, zilizokwisha kuurekebisha mkataba huo kwa mambo mengine, ziifungue ibara hiyo kwa madhara ya maji yanayoendelea, na kuiamuru Kamisheni ya Kisumu ipeleke vipimo vyake mahakamani kama ushahidi kila vitakapotakiwa.